Little Moreton Hall, Cheshire: nyumba imepinda, na ndiyo raha yake

Kama umechoshwa na majumba ya kifalme yenye dhahabu mpaka kwenye vitasa, nenda Little Moreton Hall, karibu na mji wa Congleton, Uingereza. Si kasri. Ilikuwa nyumba ya makabaila wa shamba, akina Moreton, walioanza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, na kila kizazi kikaongeza chake hadi karibu mwaka 1610. Sasa iko mikononi mwa National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale, tangu 1938. Ukiwa mwanachama wao huingii mfukoni tena. Wengine wanakata tiketi.

Nilichokipenda kuliko vyote ni useremala. Nyumba imesimama kwa miti ya mwaloni, mbao zimeingizwa ulimi kwenye tundu na kupigiliwa vigingi vya mbao. Katika majengo ya aina hii, nafasi kati ya miti zilizibwa kwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo na kupakwa chokaa. Yaani mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kukandika kule kwetu Muheza haambiwi kitu hapo, anajionea mwenyewe tu. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa na pesa ya mapambo, basi wakajaza kuta maumbo ya almasi na maua mpaka macho yanachoka. Weusi na weupe ule wa kwenye picha, kwa taarifa yako, ni fasheni ya karne ya 19. Zamani mwaloni uliachwa na rangi yake.

Juu ya madirisha ya uani fundi seremala, Richard Dale, amechonga jina lake kwamba ndiye aliyeyatengeneza kwa neema ya Mungu. Pembeni ya jina hilo mwenye nyumba, William Moreton, naye kajiandika, na mwaka 1559. Tajiri na fundi ukutani pamoja! Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mke wangu alivyopenda.

Kisha panda juu kabisa. Kuna ukumbi mrefu, kama mita 20, ambao wakubwa waliutumia kutembeatembea na kucheza mvua inaponyesha. Nyuma ya mbao za ukuta iliwahi kukutwa mipira ya tenisi ya enzi hizo. Paa lake ni la mabamba mazito ya mawe, na mzigo huo ndio uliozipinda ghorofa za chini. Sakafu inapanda na kushuka chini ya miguu yako. Usiogope, kuna vyuma vilivyofichwa vinavyoishikilia. Huku mwisho mmoja wa ukumbi kuna sanamu ya lipu ya Bahati na gurudumu lake, na maandishi kwamba anayelitawala ni ujinga. Mwisho wa pili ni Majaaliwa, na mtawala wake ni elimu. Sikutegemea kuhubiriwa na ukuta, lakini sawa.

Vyumba vingi ni vitupu. Akina Moreton walikuwa upande wa mfalme kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, wakafilisika, baadaye nyumba ikapangishwa kwa wakulima. Samani za asili zilizobaki zinahesabika, mojawapo ni meza kubwa ya duara. Wageni wengine walilalamika kwamba hakuna cha kuona. Mimi naona utupu huo umewasaidia, maana macho yanakwenda moja kwa moja kwenye boriti na michoro. Usipite haraka chumba chenye kisa cha Susana, yule wa Biblia, kimechorwa ukutani. Michoro hiyo ilijificha nyuma ya mbao hadi 1976.

Watoto wetu walikumbuka kitu kimoja tu: vyoo vilivyojengwa ukutani, mzigo ukidondoka moja kwa moja kwenye handaki la maji linaloizunguka nyumba. Waliuliza kuhusu samaki. Sikujibu.

Mtembezaji aliyetuzungusha, mzee wa kujitolea, alikuwa na subira na maswali yote, hivyo subiri matembezi ya kuongozwa badala ya kuzurura peke yako. Angalia siku za kufungua kabla ya kuondoka nyumbani, hasa majira ya baridi. Ukiwa na gari ni rahisi zaidi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya ngazi: nyembamba, zimechakaa, na bibi mwenye magoti mabovu atabaki bustanini huku nyie mkiona kile kilichowaleta.