Flashi Kwanza, Kompyuta Baadaye: Mwongozo wa Kununua Vifaa vya Tails, Whonix na Qubes Mjini Tanga

Mifumo endeshi ya Linux inayoficha utambulisho wa mtumiaji mtandaoni hutolewa bure, kwa hiyo fedha ya mnunuzi haiendi kwenye programu bali kwenye chombo cha kuiendeshea. Hapo ndipo wengi hukosea, wakakimbilia kompyuta ya bei kubwa ilhali haja yao ingetoshelezwa na flashi ya Ngamiani, hapa hapa Tanga.

Nafasi ya kwanza naipa flashi ya USB 3.0 yenye 16 GB au zaidi, kwa ajili ya Tails. Mfumo huu, ulioanza mwaka 2009 na kujengwa juu ya Debian, huwashwa kutoka kwenye flashi bila kutumia diski ya kompyuta, hupitisha mawasiliano katika mtandao wa Tor, unaoyazungusha kwenye kompyuta kadhaa ili kuficha yanakotoka, na kompyuta ikizimwa husahau yote isipokuwa yale uliyoyaweka mwenyewe katika sehemu iliyofungwa kwa nywila. Kiwango cha chini ni 8 GB, lakini sehemu hiyo nayo inataka nafasi. Jihadhari na flashi bandia: niliwahi kununua moja iliyoandikwa 64 GB, na kompyuta ikaisoma hivyo hivyo, kumbe baada ya gigabaiti chache mafaili yote yaliyofuata hayakufunguka. Programu ya F3 kwa Linux, au H2testw kwa Windows, huijaza flashi yote kisha ikasoma kilichoandikwa. Basi patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikishindwa jaribio hilo utairudisha.

Usinunue, hata kwa bei ya kutupa, flashi ambayo mtu amekwisha kukuwekea Tails, kwa kuwa huna njia ya kujua alichokiongeza humo. Pakua faili kutoka tovuti ya Tails yenyewe, ambayo pia ina zana ya kuthibitisha kuwa faili halikuchezewa. Fahamu pia kwamba kampuni inayokupa intaneti itaona kuwa unatumia Tor, ingawa haitaona unakokwenda, na laini yako ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole. Na ukiingia Facebook kwa jina lako, umejitambulisha mwenyewe.

Nafasi ya pili ni kompyuta mpakato ya mtumba, kwa asiye na kompyuta au asiyetaka kutumia ya ofisini. Tails inahitaji prosesa ya biti 64 ya Intel au AMD na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya 3 GB. Haifanyi kazi kwenye simu wala kwenye Mac zenye chipu za M1 na zilizofuata. Nenda dukani na flashi yako, uiwashe kompyuta mbele ya muuzaji kwa kubonyeza F12 kwenye Lenovo na Dell nyingi, au F9 kwenye HP. Ikiwa BIOS, yaani programu ya kuwashia kompyuta, inadai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Hakikisha Wi-Fi inashika, na kuwa mwangalifu na kadi za picha za NVIDIA, ambazo mara nyingine huacha kioo cheusi. Kwa mji wetu wa pwani, chungulia matundu ya USB kama yameota kutu. Betri nayo ina umuhimu kuliko kawaida, kwani kazi isiyohifadhiwa iko kwenye RAM, na umeme ukikatika hairudi.

Whonix naiweka ya tatu. Hugawanya kazi katika kompyuta mbili za kufikirika, yaani zinazoundwa kwa programu ndani ya kompyuta yako, moja ikishughulika na Tor pekee, hivyo programu iliyovamiwa katika ya pili haiwezi kwa urahisi kujua anwani yako halisi ya mtandao. Lakini huacha alama kwenye diski. Kuendesha zote mbili kunataka RAM, hivyo mwenye ya 4 GB anunue nyongeza kwanza.

Qubes, inayotenga kazi mbalimbali katika kompyuta zake za kufikirika, ni ya mwisho kwa sababu ya gharama tu: inapendekezewa RAM ya 16 GB na prosesa yenye VT-x na VT-d, uwezo wa prosesa wa kuendesha na kutenga kompyuta hizo. Kabla ya kutoa hela, tafuta modeli ya kompyuta hiyo katika orodha ya vifaa vilivyojaribiwa iliyo kwenye tovuti ya Qubes.