Pikipiki yako: traka ya GPS au tagi ya Bluetooth?

Neno “kutraki” limebeba mambo mawili, na wanunuzi wengi huyachanganya. Traka ya GPS hupokea mawimbi ya setilaiti, kisha hukutumia mahali ilipo kupitia laini ya simu iliyo ndani yake. Tagi, kama AirTag ya Apple iliyotoka 2021, haina GPS. Husubiri iPhone ya mpita njia iinase na kuripoti kimyakimya.

Kwa gharama, tagi inashinda. Unainunua mara moja, na betri yake ya CR2032 hukaa takriban mwaka. Traka inataka fundi wa kuiunga kwenye betri ya pikipiki, halafu bando. Yangu iliwahi kunyamaza wiki nzima. Nikafungua kiti na kukagua waya mmoja mmoja, kumbe laini imeisha salio.

Kwenye wizi mambo hugeuka. Kariakoo, penye watu wengi, tagi inaweza kuonekana haraka. Ukienda kijijini ambako iPhone ni za kuhesabu, inaweza kukaa kimya siku nzima. Tena AirTag humwonya mtu inayesafiri naye bila mwenyewe kuwa karibu. Onyo hilo lipo kuzuia watu wasifuatiliwe kwa siri, na ni jema sana, ila mwizi naye analipata. Traka yenye rilei, yaani swichi ya umeme inayoamriwa na traka, inaweza kuzima injini ukiwa mbali, japo penye mtandao dhaifu nayo huchelewa.

Boda unayomkabidhi kijana kwa hesabu ya siku, funga traka. Pikipiki ya kwenda kazini na kurudi, inayolala ndani ya geti mjini, tagi inaweza kukutosha.