Kalenda ya kuchana ya "Siku Kama ya Leo", nimekaa nayo karibu mwaka mzima

Niliinunua Desemba mwaka jana, ile kalenda ya kuchana, karatasi moja siku moja, ina tarehe kubwa katikati na chini yake wameandika "siku kama ya leo", yaani mambo yaliyotokea tarehe hiyo hiyo miaka tofauti tofauti pamoja na sikukuu zinazoangukia hapo. Nililipa elfu kumi na tano kwa muuza jumla wa Kariakoo akanitumia kwa basi mpaka Kahama, parseli elfu tatu, kwa hiyo ukutani imeingia elfu kumi na nane. Sasa hivi zimebaki karatasi kama arobaini na nimeshika zote zilizopita kwa mkono wangu kila asubuhi kabla hata sijawasha mashine ya fotokopi, kwa hiyo ninachosema hapa nimekiishi. Waliochapisha siwataji jina, wakisoma watajijua.

Duka langu ni steshenari, lipo karibu na barabara ya malori. Magari ya kwenda Rwanda kupitia Rusumo yanapita hapa, ya Burundi yanapita hapa, ya Kongo pia, na madereva wanaingia kutoa kopi za karatasi za mzigo, kuskani, kununua vocha, na wakisubiri macho yanakwenda ukutani. Hiyo ndo sababu niliitaka hii kalenda na sio ile ya picha ya mbuga unayopewa bure na wakala wa bima. Watu wanasoma. Mtu anakuja kutoa kopi mbili za shilingi mia mia anakaa dakika kumi anabishana na mwenzake kuhusu kitu cha mwaka 1964, na mimi napenda hivyo, duka linakuwa na uhai.

Nianze na ubora wa kitu chenyewe haraka haraka. Karatasi nyepesi sana, kama zile za risiti, gundi ya juu ilishika vizuri mpaka kama mwezi wa tano halafu joto likaishinda, ukichana moja zinakuja mbili, nikaibana na klipu kubwa ndo ikatulia. Tarehe unaiona ukiwa barabarani ila yale maandishi ya matukio ni madogo mno, wazee wanaomba niwasomee. Kona ya chini kuna tarehe ya Hijria, wateja wangu Waislamu wameifurahia, na kwenye Idi wameandika kabisa kwamba inategemea mwandamo, hapo nawapa pongezi. Kwa ubora wa karatasi peke yake ningesema usinunue.

Lakini kuna karatasi moja ndani yake ambayo kwangu mimi inalipa hela yote, nayo ni ya tarehe 7 Aprili.

Sisi Tanzania 7 Aprili tunaijua, Karume Day, tunapumzika. Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, alipigwa risasi siku hiyo mwaka 1972 pale Kisiwandui, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi (ASP), jioni, akiwa anacheza bao na wenzake, na hapo hapo Kisiwandui ndo alikozikwa. Hiyo wameandika ya kwanza, sawa. Ya pili wameandika Siku ya Afya Duniani, kwa sababu katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika 7 Aprili 1948. Hiyo nayo sawa, watu wa hospitali wanaijua. Ya tatu ikanifanya nivute kiti nikae, Josina Machel. Mke wa Samora Machel aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, mpigania uhuru wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, alifariki 7 Aprili 1971 na alifia Dar es Salaam, hapa hapa kwetu, akiwa na miaka 25 tu. Msumbiji wanaiadhimisha kama Siku ya Mwanamke wa Msumbiji kwa ajili yake. Yaani mimi nimesoma shule Tanzania kuanzia chekechea mpaka kidato cha sita na sikuwahi kuambiwa kwamba mwaka mmoja kamili kabla ya kifo cha Karume, tarehe hiyo hiyo, Dar ilikuwa na msiba wa binti aliyefunga ndoa na Samora Tunduru mwaka 1969. Nimeijua kwa kalenda ya ukutani.

Ya nne, Rwanda 1994. Ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa usiku wa tarehe 6, na tarehe 7 kulivyokucha mauaji yakawa yameshika kasi Kigali, siku hiyo ndo waliuawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana na wale askari kumi wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliotumwa kumlinda. Siku mia moja zilizofuata kila mtu anazijua. Kwa Wanyarwanda 7 Aprili ndo inaanza Kwibuka, maombolezo ya kuwakumbuka waliouawa.

Sasa ngoja nieleze kilichotokea dukani. Mwaka huu siku hiyo nilifungua nusu siku ingawa ni sikukuu maana malori hayana sikukuu. Akaingia dereva mmoja wa Kinyarwanda, mteja wangu wa muda, mtu mzima, mpole, huwa ananiita dada ingawa ni mkubwa kwangu. Nikampa kopi zake. Akawa amesimama tu mbele ya kalenda. Sikumsemesha. Baadae akatoa simu akaniambia, "Dada, naomba nipige picha hii karatasi." Nikamwambia piga tu kaka. Akanyoosha mkono wa kushoto akaweka dole gumba kwenye karatasi chini kabisa, akapiga picha dole likiwa pale pale. Nilifikiri anaishikilia isipeperuke maana feni ilikuwa inazunguka. Alipoondoka nikasogea kuangalia alikuwa anabana nini.

Lilikuwa tangazo la magodoro. Chini ya mstari wa Rwanda, bila hata nafasi ya kidole, "Punguzo kubwa la Pasaka, lala usingizi mzuri." Alilifunika na dole gumba ili lisiingie kwenye picha.

Nilichukua mkasi nikalikata lile tangazo nikairudisha karatasi ukutani ikiwa fupi, ikakaa hivyo mpaka jioni. Na hapa ndo lawama yangu kubwa kwa waliochapisha na naomba waichukue kwa uzito. Najua matangazo ndo yanafanya kalenda iuzwe elfu kumi na tano na sio elfu arobaini, mimi mwenyewe ni mfanyabiashara naelewa. Lakini umekaa chini umekusanya vifo vya watu kwenye karatasi moja, umejua kabisa ni siku gani, halafu karatasi hiyo hiyo unaiuza kwa mtu wa magodoro. Siku za hivyo kwa mwaka mzima hazizidi ishirini. 7 Aprili, 21 Mei ya MV Bukoba mwaka 1996, 7 Agosti ya mabomu ya ubalozi wa Marekani Nairobi na Dar mwaka 1998, 14 Oktoba ya kifo cha Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Ziacheni bila tangazo. Ongezeni elfu moja kwenye bei, mimi nitalipa.

Kitu kingine nilichogundua nikiwa nazichana kila siku, na hiki hawajakifanya kabisa, ni kutofautisha tarehe zilizokutana zenyewe na tarehe ambazo watu walizikutanisha makusudi. Kwao zote ni orodha tu. Angalia 26 Aprili, Muungano wa Tanganyika na Zanzibar 1964 na mlipuko wa mtambo wa nyuklia wa Chernobyl 1986, hivyo havina uhusiano wowote, vimeangukia siku moja basi. Lakini nenda 25 Juni. FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam 25 Juni 1962, na Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975, hiyo sio bahati, walikaa kwenye makubaliano Lusaka mwaka 1974 wakaichagua tarehe ya chama chao. Au 5 Februari, Afro-Shirazi ilizaliwa 1957, Azimio la Arusha likatangazwa 1967, CCM ikazaliwa 1977 kwa kuunganisha TANU ya bara na ASP ya Zanzibar, na CCM kuzaliwa siku ambayo ASP inatimiza miaka 20 kulipangwa. Msomaji akiona mistari mitatu ya 5 Februari anadhani ni miujiza ya namba saba, kijana mmoja wa bodaboda aliniambia hivyo kabisa, akaanza kuhesabu na vidole 57, 67, 77. Neno moja tu "ilichaguliwa kwa sababu" lingetosha kumweleza.

Saba Saba ndo ilileta mabishano makubwa kuliko siku zote. Karatasi ya 7 Julai wameijaza vizuri. Kuanzishwa kwa TANU 1954. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanza kutumika mwaka 2000. Na Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliipitisha Novemba 2021 na ikaanza kuadhimishwa 2022, na hii nayo ni tarehe ya kuchaguliwa, imefuata ile ile ya TANU kwa sababu ya namna Kiswahili kilivyobeba harakati za uhuru. Nilifurahi sana kuiona, lugha yetu ni ya kwanza ya Afrika kupewa siku yake na UNESCO, niliibandika hata kwenye mlango wa nje.

Sasa akaja dereva wa Kenya, mama mmoja anaendesha lori yeye mwenyewe, nampenda sana, akasoma akaniuliza, "Na yetu iko wapi?" Mimi najua Sabasaba ni maonyesho ya Dar, barabara ya Kilwa, watoto na aiskrimu. Akaniambia kwao Saba Saba ni 1990, uwanja wa Kamukunji Nairobi, watu walitoka kudai vyama vingi wakati mkutano umepigwa marufuku, na wanasiasa Matiba na Rubia waliouitisha walikuwa wameshawekwa kizuizini siku chache kabla. Polisi wakapiga watu, wengine wakafa. Mwishoni mwa mwaka uliofuata, Desemba 1991, kile kifungu cha 2A cha katiba kilichofanya Kenya iwe ya chama kimoja kikafutwa. Mteja mwingine Mtanzania alikuwepo, alidhani anatania, wakaanza kubishana kwamba neno moja la Kiswahili linawezaje kuwa sherehe upande mmoja wa mpaka na mabomu ya machozi upande wa pili. Yule mama akaomba bik, akaandika mwenyewe kwenye karatasi, herufi kubwa, KAMUKUNJI 1990, akapiga mstari chini mara mbili mpaka karatasi ikachanika kidogo. Hiyo sikuitupa, nimeigundisha kwenye kaunta buku pamoja na ile ya 7 Aprili iliyokatwa.

Kalenda inayouzwa kwa watu wa Afrika Mashariki kuruka Kamukunji ni kosa, na sio dogo.

Makosa mengine nimeyaona kwa kuchungulia mbele. 9 Desemba wameandika "Uhuru wa Tanzania 1961". Jamani. 1961 ilikuwa Tanganyika, na 9 Desemba 1962 ikawa jamhuri, Tanzania ilikuja na Muungano ambao wameuandika wenyewe vizuri tu kwenye 26 Aprili. Halafu ukifungua 10 Desemba wana Siku ya Haki za Binadamu, ya lile tamko la 1948, lakini uhuru wa Zanzibar wa 10 Desemba 1963 haupo kabisa, wakati 12 Januari ya Mapinduzi wameiweka. Mtu akitaka kuyaelewa mapinduzi ya Januari lazima ajue mwezi mmoja kabla kulitokea nini, na hapo ndo palikuwa pa kuandika.

Na yangu mimi ilikosa karatasi. Tarehe 12 Oktoba nimechana, chini yake ikatokea 14. Nimempigia muuzaji akasema labda zilishikana na gundi, akaahidi kunitumia, mpaka leo sijaona kitu. Kumbe sio siku ndogo. Siku hiyo aliingia utingo wa lori la Burundi, kijana mdogo, akaangalia ukutani akauliza kwa heshima kabisa, "Mama, jana hamkuandika Rwagasore?" Ilikuwa tarehe 14 asubuhi, ukutani ana Mwalimu Nyerere, na yeye anatafuta wa kwake wa siku moja kabla. Nilichukua karatasi nyeupe ya A4 nikaikata robo, nikaandika kwa maka pen 13 OKTOBA, tukasaidiana yeye anataja mimi naandika. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore, waziri mkuu, aliuawa 1961 Usumbura, ndo Bujumbura ya leo, chama chake cha UPRONA kilikuwa kimeshinda uchaguzi mwezi uliotangulia, na uhuru wenyewe ulikuja 1 Julai 1962 hakuuona. Nikaibana kwenye klipu juu ya ile ya Mwalimu, zikakaa mbili pamoja siku nzima.

Je, nitanunua ya mwaka kesho? Ndiyo, nimeshaagiza mbili, moja ya duka na moja ya shule ya msingi anayosoma mwanangu. Wewe ukienda kununua usikubali iliyofungwa kwenye nailoni, iombe uifungue pale pale dukani, hesabu Oktoba, halafu nenda 7 Aprili uangalie chini kabisa ya karatasi kama bado wameweka tangazo.