Mashine za kukamulia nguo: ipi ununue kabla ya masika

Masika yakishaanza Dar, mwezi wa tatu hadi wa tano, anayekuambia jinzi inakauka kwa siku moja kwenye korido ya nyumba ya kupanga anakutania. Maji yasipotoka kabla ya kuanika, nguo itanuka uvundo tu, hata ufue kwa sabuni gani. Mimi nazipanga hivi.

Namba moja ni mashine ya matenki mawili. Tenki moja linafua, jingine linakamua, na hilo la kukamua ndilo hasa unalolilipia. Linazunguka karibu mara 1,300 kwa dakika. Dakika tatu, taulo halidondoshi hata tone. Unaweza kufua kwa mkono ukaitumia kukamulia tu, kama wengi tunavyofanya luku ikikaribia kuisha.

Dukani usione aibu, omba ichomekwe. Tumbukiza kanga iliyolowa, izunguke, kisha inua kifuniko. Pipa lisiposimama ndani ya sekunde chache, breki hiyo ni mbovu, iache. Inama uangalie na chini: maji yakivuja karibu na mota, sili, yaani mpira wa kuzuia maji, imekwisha. Yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, sikuinama. Mota haikumaliza miezi miwili. Na mtumba wa Japani ni wa volti 100. Bila transfoma unaiunguza siku hiyohiyo.

Ikigonga kama inataka kuhama chumba, mara nyingi ni nguo zimelemea upande mmoja. Zipange upya, zikandamize, halafu weka kile kifuniko cha plastiki cha ndani ambacho watu hukitupa na boksi.

Ya pili ni spina inayosimama peke yake, yaani ya kukamua tu, haina tenki la kufua. Uingereza zinauzwa hata za mizunguko 2,800 kwa dakika, zinakamua kweli kweli, ila huku kupata kipuri chake ni kazi.

Ya tatu, rola mbili za mpira zenye mkono wa kuzungushia, unazibana kwenye ukingo wa karai. Hazili umeme, na shuka linatoka limenyooka. Jinzi utaipitisha kwa jasho, na vifungo vinavunjika. Chukua yenye fremu ya chuma, na usimwachie mtoto: vidole vinaingia.

Vile vipipa vya plastiki vya kuzungusha kwa mkono vinatosha soksi. Blanketi, muite jirani ashike upande wa pili mlisokote.