Jaketi ya Kibuye kwenye theluji ya Lesotho: nimetumia ngapi na nini kimenifeli

Haya watu wangu, karibuni tena. Niko hapa nyumbani Nakuru, Section 58, na hiyo kelele mnaskia ni jirani anachomelea geti tangu asubuhi, mtanisamehe tu, nikingoja amalize hii video itatoka Krismasi.

Hapa kitandani nimetandaza kila kitu nilichovaa Lesotho mwezi wa saba, siku mbili kwenye theluji nikijifunza snobodi, yaani kuteleza juu ya ubao, kuanguka sikuhesabu, na leo tunapitia kimoja kimoja, gani kilifanya kazi na gani nilitupa huko huko. Na kabla mjaze komenti, ndio, Lesotho iko na theluji, na hapana, sijashinda kamari. Safari nzima, kutoka Nakuru mpaka kurudi Nakuru, imekula laki moja na elfu saba hivi, karibu nusu yake ikiwa tikiti ya ndege, lakini nguo zote hizi mnaona hapa, zote, ni elfu tatu mia tisa. Ndio maana naanza na nguo, kwa sababu hapo ndipo mkenya amewashinda wazungu na hata hajui.

Fikiria hivi. Ubao wa snobodi unakodi mlimani, buti unakodi, helmeti unakodi, hakuna haja ya kubeba ndege nzima. Kinachomaliza watu ni jaketi na suruali, na hizo jaketi, zile nzito za rangi rangi ziko na zipu kila mahali, si ndizo watu wa nduthi wanavaa hapa steji kila asubuhi? Mtu ametoka Rongai na abiria wawili na gunia la viazi akiwa amevaa jaketi iliyoshonwa kwa ajili ya milima ya Austria, na amenunua mtumba.

Sasa siri yenyewe. Mimi nilianza kutafuta hapa Nakuru mwezi wa tano, mvua inanyesha, baridi imeingia, na nikapata mama mmoja anauza, jaketi poa kabisa, akaniambia elfu moja mia nane. Nikamwambia mama, hii ni mtumba, akacheka, akaniambia, kijana wangu, msimu huu wa mvua watu wa nduthi wananunua hata bila kuuliza bei, we ukichelewa utapata fagia, yale mabaki ya mwisho. Na alikuwa anasema ukweli. Kumbe nilikuwa nashindana na watu wanaohitaji hiyo jaketi kuliko mimi, tena mwezi ule mbaya.

Wikendi hiyo nikaenda Kisumu kwa binamu yangu, na Jumapili akanipeleka soko la Kibuye. Jamani. Kisumu na lile joto, nani anataka jaketi ya theluji? Muuzaji alikuwa amefungua beli imechanganyika, vitu vizuri vimepangwa mbele, na jaketi kubwa amezirusha pale nyuma kama mzigo wa adhabu. Hii hapa, ebu niisogeze muone vizuri, hii ni kamera, nasema kamera ile ya mtumba, chaguo la kwanza, sio hii inayonirekodi. Alianza na mia tisa, binamu yangu akaanza maneno yake ya “omera, hii utauzia nani hapa”, tukaondoka nayo na mia saba. Mia saba! Kwa hivyo ukitaka nguo za baridi, zinunue mahali kuna joto. Na kama huwezi kufika Kisumu, basi nunua hapa Nakuru Januari au Februari, kiangazi, kabla watu wa nduthi hawajakumbuka.

Lakini usinunue tu kwa macho. Angalia lebo ya ndani. Hii yangu imeandikwa 10,000, na hiyo namba inamaanisha milimita, yaani wamesimamisha maji juu ya kitambaa mpaka kimo cha mita kumi ndio yakaanza kupenya. Ukipata 5,000 bado utateleza, ila ukiwa mtu wa kuanguka kama mimi, unakaa kwa theluji muda mrefu, utaloa matako mapema. Alafu igeuze ndani nje uangalie mishono, kama kuna utepe umebandikwa juu ya kila mshono uko sawa, na kama ule utepe unatoka, ama kitambaa cha ndani kinabanduka vipande vipande kama mba, rudisha, hiyo imekufa, hata ikiwa na jina kubwa namna gani mgongoni. Na mwombe muuzaji maji kidogo, mwagia begani. Maji yakikimbia kama kwenye jani la nduma, chukua. Yakinywewa, usikate tamaa moja kwa moja, wakati mwingine ni uchafu tu, ukiosha vizuri na kupitisha pasi ya moto mdogo ile ngozi ya kuzuia maji inaamka tena. Hii yangu ndivyo nilifanya, pasi na kitambaa katikati, usiweke pasi moja kwa moja utajuta.

Kuna hii pia, mnaiona? Hii kama sketi ndogo ndani ya jaketi, iko na raba na vifungo. Mafundi wengi hapa wanaikata, wanafikiri ni takataka. Usikate! Ukianguka, hiyo ndiyo inazuia theluji isiingie kwa mgongo. Na kuna jaketi zingine utaona kalebo kadogo kameandikwa RECCO, watu wanadhani ni pambo, kumbe ni kipande kinachorudisha mawimbi ya rada, haina betri wala nini, waokoaji wanaitumia kumtafuta mtu aliyefunikwa na theluji. Lesotho kwa ile njia yao moja ya kutelezea hutaihitaji, lakini jua unavaa nini.

Suruali ilikuwa mia tano, Kibuye hapo hapo. Nilichukua pana makusudi, kwa sababu snobodi unapiga magoti muda wote, unakaa chini kufunga buti, ikikubana inapasuka. Alama yangu, nane kwa kumi, ilipasuka kidogo tu hapa kwa pindo.

Chini ya hizo nilivaa vesti na taiti za polyesta, na sweta ya flisi. Pamba hapana, nasema hapana, ile tisheti yako ya pamba ikinywa jasho inabaki na maji na ukisimama kungoja zamu unagandishwa kama samaki kwa friji.

Sasa kilichonifeli. Glavu. Nilijifanya mjanja, nikanunua glavu za sufi kwa duka moja hapa tauni, mia mbili hamsini, muuzaji ananiambia hizi ni za baridi. Za baridi ya Molo labda. Lisaa limoja zimeloa chapachapa, vidole sivihisi, nikaenda kukodi zingine huko huko na pesa niliyolipa sitasema, mke wangu anaangalia hizi video. Glavu lazima ziwe za kuzuia maji, hapo usibane pesa. Na miwani, binamu yangu alivaa ile ya nduthi, dakika kumi imejaa ukungu haoni kitu, akagonga wavu wa pembeni. Miwani ya theluji ina kioo mara mbili ndio isiweke ukungu, kodi ama nunua, na usiseme utaenda bila, theluji mpya inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya ule mwale mkali wa jua, na ukipanda juu jua linazidi ukali. Mimi na weusi wangu huu midomo ilipasuka mpaka nikashindwa kula pilipili wiki nzima. Beba mafuta ya midomo.

Kitu cha mwisho hapa, hizi za kulinda viganja, nilinunua kwa kijana anayeuza viatu vya kuskate. Kwa anayeanza snobodi mkono ndio unaumia kwanza, kwa sababu ukianguka akili inakuambia nyoosha mkono. Kunja ngumi, angukia mkono mzima huu wa mbele, sio kiganja.

Sawa, kwa nini Lesotho? Nilipiga hesabu za Bansko, Bulgaria, watu wanaisifu sana kwa bei Ulaya, na ni kweli mlimani kwenyewe ni nafuu kuliko Ufaransa ama Uswisi. Lakini sisi na paspoti yetu kwanza ni viza ya Schengen, yuro 90 kabla hujapumua, hazirudi ukinyimwa, na ile kupanga makaratasi ya benki kama unaenda kuoa binti wa chifu. Dubai kuna ile ya ndani ya jengo, Ski Dubai, imekuwepo tangu 2005, ukiwa unapita na ndege sawa, lakini mimi nilitaka mlima. Na kuna mtu lazima ataandika “si uende Mlima Kenya”, ndugu yangu, barafu ya Mlima Kenya inazidi kupungua na hakuna wa kukuvuta juu, utabeba ubao mgongoni mpaka lini.

Afrika Kusini nayo tangu Januari 2023 mkenya haombi viza, siku 90 kwa mwaka. Beba tu kadi yako ya manjano ya homa ya manjano, usiisahau, kuna jamaa kwenye foleni yetu alitolewa pembeni kwa sababu ya hiyo kadi na sijui aliishia wapi. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, kwa hivyo unashuka Johannesburg, karibu masaa manne kutoka Nairobi, unakodi gari, na wao wanaendesha kushoto kama sisi. Tulikuwa wanne tukagawana gari na mafuta. Hapa msikilize kwa makini, ukikodi gari waambie mapema unavuka mpaka wakuandikie barua ya ruhusa, na ina malipo yake. Sisi kampuni ilisahau kuichapisha, tukakaa ofisini kwao masaa mawili, na yale masaa mawili ndio yalitufanya tupande ule mlima wa Moteng giza likiingia, lami iko lakini kona zake, mama yangu, ule mteremko wa Tambach ni shule ya chekechea.

Tulipitia Fouriesburg, mpaka wa Caledonspoort, alafu Butha-Buthe. Hapo Butha-Buthe ndipo tulilala, na hapo tuliokoa pesa nyingi kuliko mahali popote ukitoa ndege. Mlimani kwenyewe, pale Afriski, hicho kituo cha kuteleza tulichoenda, kuna vyumba, hata vya kulala wengi pamoja, lakini msimu ni Juni mpaka Agosti tu na wikendi watu wa Johannesburg wanapanda wote, bei inapanda nao. Sisi tulienda Jumanne na Jumatano. Foleni hakuna, mwalimu ana muda na wewe. Pesa ya Lesotho inaitwa loti, iko sawa na randi moja kwa moja, na randi wanapokea kila mahali, kwa hivyo usibadilishe pesa mara mbili.

Mahali penyewe sitawadanganya. Njia kuu ni kama kilomita moja tu. Moja. Theluji nyingi wanatengeneza na mashine usiku kukiwa na baridi kali, kwa hivyo usitegemee ile picha ya milima mizima meupe, unapata utepe mweupe katikati ya nyasi kavu ya kahawia, kama mtu amemwaga unga kwa njia. Mtu wa kuteleza miaka kumi atachoka kabla ya lanchi. Lakini wewe unaanza, hiyo kilomita utaihitaji nini, mimi siku ya kwanza yote nilikuwa kwa kile kijilima cha watoto, mtoto wa miaka sita ananipita akiimba.

Kitu kilichonishangaza ni pumzi. Pale chini tu ni mita 3,050. Sisi watu wa Nakuru tuko kama 1,850, kichwa kiliuma kidogo usiku wa kwanza kikaisha, lakini binamu yangu ametoka Kisumu, 1,100 na kitu, kila akiinuka anasimama kwanza anashika kiuno kama mzee. Maji mengi, na siku ya kwanza usijitie ushujaa.

Kuna aliyeniandikia eti theluji sio ya watu wetu. Philip Boit, mtu wa huku kwetu Bonde la Ufa, mkimbiaji wa mita 800, aliona theluji mara ya kwanza 1996 huko Finland, na 1998 alikuwa Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya baridi, kilomita kumi za kuteleza na ski, akamaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda alisimama kwa baridi kumngoja amkumbatie. Boit akampa mwanawe hilo jina, Dæhlie. Kwa hivyo hiyo komenti nimeiacha hapo hapo tu ikae.

Jaketi nimebaki nayo, naivaa saa kumi na moja asubuhi nikienda kazini. Suruali imeshaenda. Jamaa wa nduthi wa steji yetu aliiona imeanikwa kwa kamba, hakuuliza hata ilitoka wapi, akatoa mia nane, na ule mpasuko wa pindo akasema atajishonea.