Sari ya Banarasi: duka limenichefua, kitambaa sina neno nacho

"Ninyi hamjui kuvaa sari." Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa na mwenye duka, mbele ya wateja wengine, huku akiinyooshea kidole bangili yangu kama vile ndiyo mshitakiwa. Mpaka leo nikiyakumbuka damu inachemka.

Nasoma hapa Banaras, India, ule mji ambao kwenye ramani umeandikwa Varanasi. Msimu wa harusi uliopita dada wa rafiki yangu wa darasani aliolewa, nikaapa safari hii sivai kitenge, navaa hariri ya hapahapa yenye zari, ule uzi wa rangi ya dhahabu. Nilijibana, bei sitaitaja, nisije nikalia. Dukani, upande wa Godowlia, nikaketishwa kwenye magodoro yenye shuka nyeupe, chai ikaja kwenye kikombe cha udongo, sari zikaanza kurushwa mbele yangu. "Hii katan, madamu, hariri tupu. Kazi ya mkono, madamu." Nikapenda moja ya zambarau, maua ya dhahabu mwili mzima. Nilipotaka kuigeuza nione nyuma, akaninyang'anya. Kwa tabasamu, ndiyo, lakini alininyang'anya, eti itachafuka.

Kumbe alijua anachokificha. Usiku wa harusi, hata chakula hakijaletwa, bangili ikanasa upande wa ndani. Nyuma ya kila ua kulikuwa na nyuzi ndefu zinaning'inia, zinavuka kutoka ua hili kwenda lile bila kushikizwa na chochote. Nikavuta mkono kidogo tu, ua zima likajikunja na kitambaa kikafanya makunyanzi kuanzia begani hadi kifuani. Nilikaa usiku kucha na mkoba kifuani kama mtu mwenye kiungulia.

Nikairudisha, ndipo nikapewa hilo jibu la hatujui kuvaa. Sasa sikilizeni. Niliporudi bwenini nilichomoa uzi mmoja nikauwasha kiberiti. Hariri ikiungua inanuka kama nywele na majivu yake yanasagika vidoleni. Huu wangu uliyeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu, chumba kikanuka mfuko wa plastiki. Haya, tuseme kweli sijui kuvaa. Uzi unageuka plastiki kwa kuvaliwa vibaya?

Na kuvaa najua, nilivalishwa na mama wa bibi harusi mwenyewe, sote tunamwita Anti. Viatu kwanza, maana ukivaa viatu mwishoni pindo litapanda na vifundo vyote vitakuwa nje. Petikoti ifungwe ikaze hasa, brokedi, yaani kitambaa kilichofumwa maua ya zari, ni nzito na yote inaning'inia hapo kiunoni. Marinda matano au sita yanatosha, yatazame kushoto. Kitambaa cha zari ni kigumu, ukilazimisha tisa unapata tumbo ambalo Mungu hakukupa. Ile ncha ya mwisho, pallu, wengi wanaitupa bega la kushoto ianguke mgongoni. Anti aliniletea kwa mbele juu ya bega la kulia, kona akaichomeka kushoto, ili kazi yote ya dhahabu ionekane kifuani. Pini haikugusa zari moja kwa moja, chini yake aliweka kipande cha kitambaa. Manukato nilipaka kabla ya kuvaa, kwa sababu yanaifanya zari iwe nyeusi. Nani hajui kuvaa hapo?

Nilikuwa nimeshaamua kuandika hapa kwamba Banarasi ni utapeli mtupu, nyota moja, kwaherini. Anti ndiye aliyeniharibia hasira yangu. Alitoa ya kwake kabatini, ya arusi yake mwenyewe, imefungwa kwenye pamba nyeupe, akaigeuza bila kuombwa. Nyuma safi! Kila ua limefumwa peke yake, uzi wake umeishia palepale. Wanaita kadhua, inafumwa kwa mkono na inakula muda mrefu mno, ndiyo maana bei inatisha. Pembeni mwa pindo kuna vitundu vidogo vidogo vya pini zilizokuwa zikiivuta nguo mtamboni. Nikaishika, nikanyamaza.

Baadaye tukaenda Madanpura, kwa wafumaji, wengi wao Waislamu wa ukoo wa Ansari. Mzee mmoja alikuwa ameketi, miguu ndani ya shimo chini ya mtambo, anapitisha uzi wa dhahabu ua kwa ua. Aliitikia salamu yangu, akaniinulia nguo nione chini yake. Hakuuliza natoka wapi wala kama najua kuvaa. Alilalamika tu kwamba mitambo ya umeme ya Surat, mji mwingine wa India, inatoa mfano wa sari yake kwa siku moja na kuuza kwa jina lilelile. Na jina hilo lina ulinzi wa sheria tangu 2009, ni la vitambaa vya Banaras na wilaya za jirani tu! Sheria ipo, na yule bwana wa magodoro naye yupo.

Kwa hiyo nyota ngapi? Duka, sifuri, na hata hiyo sifuri nawaonea huruma. Sari yenyewe, ile ya kweli, tano, ingawa bado sina uwezo nayo na huenda nikamaliza masomo kabla sijaipata. Mkinunua, geuzeni nyuma kwanza. Muuzaji akikataa, inukeni hata kama chai haijaisha. Tafuteni nembo ya Silk Mark, lakini hiyo inathibitisha hariri tu, haisemi nguo imefumwa kwa mkono. Na Madanpura msiende Ijumaa, mitambo mingi imepumzika, mtaishia mikononi mwa madalali.