Mjane wa Italia: ipi ilibeba zaidi uchungu wake, picha ya madhabahuni au sanamu ya chumbani?
Atalanta Baglioni wa Perugia, mjane ambaye mwanawe Grifonetto aliuawa mwaka 1500 katika umwagaji damu wa ukoo, alimwagiza mchoraji Raphael picha ya Kristo akipelekwa kaburini. Ilikamilika 1507, ikawekwa kanisani San Francesco al Prato, mji mzima uone uchungu wa mama. Lakini hilo lilitaka fedha na jina. Na 1608 ilitolewa usiku, ikapelekwa Roma kwa Kardinali Scipione Borghese!

Sanamu ya plasta ya Bikira Maria na Mtoto, iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi, ilikuwa rahisi zaidi, ya kusali mbele yake chumbani. Huko Florence, mjane akidai mali aliyokuja nayo na kuondoka ukweni, kwa kawaida watoto walibaki kwa ukoo wa marehemu. Kwa mama aliyetengwa na watoto hivyo, mimi sanamu hii ya chumbani ndiyo ninayoiona nzito zaidi.